Starlet mjini Kamina: nunua bodi, injini itafuata

Toyota iliacha kutengeneza Starlet ya Kijapani mwaka 1999, Vitz ilipochukua nafasi yake. Kwa hiyo hata ile iliyo changa kuliko zote kati ya hizo imeshavuka robo karne. Anayeitafuta leo mjini Kamina, Kongo, ananunua pia maamuzi ya wahandisi wa miaka ya 1980, na maamuzi hayo ndiyo yanayoeleza ni wapi gari hili litamfaa na ni wapi litamwangusha.

Uamuzi mkubwa ulifanyika mwaka 1984. Starlet za awali, zilizoanza mwaka 1973 kwa jina la Publica Starlet, zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Kizazi cha EP70 kilihamishia kazi hiyo mbele. Injini ilikingamishwa, giaboksi ikafungwa ubavuni mwake, na shafti ndefu ya chini ya sakafu ikaondolewa pamoja na difu la nyuma. EP80 ya mwishoni mwa 1989 na EP90 ya 1996 zilifuata mpango huohuo. Matokeo yake ni gari la takriban kilo 800 lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, linalokula mafuta kidogo. Kwa kulinganisha, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 inazidi tani mbili.

Kilo za Starlet ni chache pia kwa sababu haina fremu. Bodi yenyewe, mabati membamba yaliyokunjwa na kuchomelewa, ndiyo inayobeba injini, abiria na springi. Hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuanzia. Magari mengi ya Kijapani yanayofika Katanga hupita bandari ya Dar es Salaam, yakakatiza Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Baadhi yametoka mikoa ya Japani ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo kutu ilianza kazi kabla gari halijapanda meli. Inua zulia, gonga sakafu, pitisha vidole ndani ya matao ya magurudumu, kisha fungua boneti utazame vikombe viwili ambamo shokapu za mbele zimefungwa. Nguvu yote ya mashimo hupanda hadi kwenye vikombe hivyo. Vikiwa vimepasuka au vimechomelewa juujuu, mshukuru muuzaji uondoke.

Ukiwa hapo kwenye boneti, soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Namba za magari yaliyouzwa Japani huanza na herufi za modeli: katika EP82, E ni familia ya injini na P ni Starlet yenyewe. Namba hiyo ilingane herufi kwa herufi na karte rozi na hati ya forodha ya DGDA.

Injini inakuja baadaye, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kubadilishwa. 4E-FE ya sentimita za ujazo 1,331 ilifungwa pia kwenye baadhi ya Corolla za miaka ya 1990, hivyo vipuri vyake havitegemei Starlet peke yake. Injini nzima inaweza kupakiwa Lubumbashi na kufika Kamina kwa treni ya SNCC, mwendo wa takriban kilomita 600. Sakafu iliyooza haina treni ya kuileta.

Kuna Starlet za kabureta na za sindano za mafuta, na kwa Kamina tofauti hiyo ina uzito. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani huendelea kumwaga kipimo kilekile, mafuta yanazidi hewa, plagi zinakuwa nyeusi na matumizi yanapanda. 4E-FE ina kihisi kinachopima msukumo wa hewa na kupunguza mafuta ipasavyo. Udhaifu wake ni pampu iliyo ndani ya tangi, isiyovumilia uchafu. Esansi ya chupa na bidoni kutoka kwa akina Kadhafi, wauzaji wa kando ya barabara, ichujwe kabla ya kumiminwa, na filta ibadilishwe mapema. Anayeweza kuitunza hivyo achague sindano. Asiyeweza achague kabureta, ambayo fundi yeyote huifungua na kuiosha.

Hatari kubwa ya 4E-FE ni joto. Bloku ni ya chuma cha kusubu, kichwa chake ni cha alumini. Injini ikichemka, alumini hupinda na gasketi huachia. Kwenye mwinuko wa Kamina maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachozuia yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta, kifaa cha bei ndogo ambacho wengi hukiacha kichakae. Mafundi wengi huondoa themostati wakidhani wanaisaidia injini ipoe. Usiku wa kiangazi, mwezi wa Juni na Julai, injini isiyo na themostati haifikii joto lake. Kompyuta inadhani injini ndiyo kwanza imewashwa na inaongeza mafuta, huku esansi iliyozidi ikiosha oili kwenye kuta za silinda. Rudisha themostati, weka kifuniko kipya. Mkanda wa taimingi nao, kama muuzaji hana kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, uhesabu umekwisha.

Sasa gharama ya wepesi. Watu wanne na mizigo hufika kilo 350, karibu nusu ya uzito wa gari lenyewe. Kwa Land Cruiser mzigo huo haufiki sehemu moja ya tano. Ndiyo maana Starlet iliyojazwa hukaa chini nyuma, ikala springi na bering, na sampu ikagonga mawe. Dawa inayopendwa ni kuweka vipande vya kuinua springi. Lakini ukiinua bodi, ekseli fupi za mbele hufanya kazi kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa, raba za viungo vyake hupasuka na vumbi likaingia kwenye grisi. Bamba la chuma chini ya sampu ni ulinzi bora, mradi lisizidi uzito.

Kuna pia usukani. Magari ya njia ya Dar es Salaam mengi yana usukani wa kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia. Dereva hawezi kuona mbele ya lori mpaka nusu ya gari itokeze. Mjini ni usumbufu. Kwenye barabara ndefu ni hatari.

Hukumu yangu ni hii: Starlet ni gari zuri la kazi, soko na shule ndani ya Kamina, si gari la kubebea magunia kutoka Kaniama wala Bukama. Reli ipo kwa safari hizo. Ukiipata yenye bodi nzima na injini mbovu, punguza bei uinunue. Ukiipata yenye injini inayoimba na sakafu iliyoliwa, mwachie mwenzako.