Pongezi kwa Wapigaji wa Bashraf

Mtu wa Kirua Vunjo, Kilimanjaro, aliyeshinda kutwa kwenye kahawa na migomba, akitaka muziki wa kutuliza kichwa jioni, hana haja ya kuagiza albamu za Ulaya. Zanzibar kuna bashraf: muziki wa ala tupu, usio na mwimbaji, ambao kwa desturi hufungua onyesho la taarabu.

Bashraf asili yake ni Uturuki, ikafika visiwani kwa njia ya Misri. Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, imeitunza kizazi hadi kizazi, na Culture Musical Club wameitolea albamu nzima.

Sikiliza kanuni, moja ya ala zake, peke yake. Ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, nazo hudonolewa kwa vipande vidogo vinavyofungwa kwenye vidole vya shahada kwa pete. Mpigaji hugeuza vishikizo vidogo pembeni mwa nyuzi, sauti ikapanda au kushuka kidogo tu, chini ya nusu toni. Udi unajibu kwa sauti nzito, fidla zinavuta taratibu.

Pongezi za pekee ziende kwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua madarasa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, Mizingani. Magwiji kama Idd Farhan walifundisha hapo. Leo vijana waliopita chuoni hapo, wake kwa waume, wanapiga udi, fidla na kanuni majukwaani, na wengine wamekuwa walimu.