Namba Inayofika Kwenye Bomba

Katika Ghuba ya Netarts, pwani ya Oregon nchini Marekani, kuna kituo cha kuzalisha vifaranga wa chaza kiitwacho Whiskey Creek. Wafugaji wengi wa pwani ile huchukua mbegu hapo. Mwaka 2007 vifaranga wakaanza kufa, tangi baada ya tangi, na mwaka uliofuata hali ikazidi. Wenye kituo walishuku bakteria, wakaboresha usafishaji wa maji. Vifo havikukoma.

Kifaranga wa chaza ni mdogo kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Siku mbili za mwanzo bado hajaanza kula. Gamba lake la kwanza analijenga kwa akiba aliyotoka nayo kwenye yai, basi. Maji yakijaa hewa ukaa, tindikali yake huongezeka, ujenzi unakuwa mzito na akiba inamwishia njiani. Ukimtazama kwa darubini unaona gamba lililokunjamana, halikufunga.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Burke Hales, mwanakemia wa bahari wa Chuo Kikuu cha Oregon State. Alitengeneza mtambo unaopima hewa ukaa katika maji yanayoingia kituoni, saa hadi saa, wenzake wakaubandika jina la Burkolator. Vipimo vyake vinakokotolewa hadi vinatoa namba moja inayoeleza kama maji yanaruhusu gamba kujengeka. Ikishuka chini ya 1, gamba huyeyuka. Na kifaranga huanza kuteseka mapema kuliko hapo. Mwenye mkono kwenye bomba hahitaji shahada kuisoma. Kazi yote ngumu ya kemia imefanywa ili yeye aamue: nifungue au nisubiri?

Na kusubiri kuna maana. Kiangazi, upepo wa kaskazini ukivuma mfululizo, husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya kilindini yakapanda kuziba nafasi. Maji hayo yaliagana na anga miongo kadhaa nyuma, na huko chini yamelimbikiza hewa ukaa, ikiwemo ile iliyotoka kwenye moshi wetu. Mtafiti Richard Feely na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba yamekwisha kufika karibu kabisa na ufuko. Lakini ghubani kuna majani bahari. Jua likiwaka, majani hayo hufyonza hewa ukaa, kwa hiyo maji ya alasiri huwa mema kuliko ya alfajiri. Kituo kikaanza kujaza matangi alasiri, na siku mbaya kikatia kabonati ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Vifaranga wakarudi kukua.

Mtandao wa upimaji bahari wa eneo hilo, NANOOS, uliweka vipimo vya vituo vya chaza pamoja na vya maboya ya baharini, mfugaji avione mahali pamoja. Inasikika kama kazi ya karani. Kwangu ni ufundi wa hali ya juu: kukaa na mfugaji, kumsikiliza anaamua nini na saa ngapi, kisha kurudi kupanga vipimo kwa mfuatano huo.

Wafugaji walioishi na namba hiyo hawakukosa la kusema mbele ya wakubwa. Mwaka 2012, katika jimbo jirani la Washington, jopo kuhusu tindikali ya bahari lililoundwa na Gavana Christine Gregoire liliwakalisha pamoja wanasayansi, wafugaji, wawakilishi wa makabila ya wenyeji na watunga sheria. Novemba likatoa mapendekezo 42, na mwaka 2013 bunge la jimbo likaanzisha kituo cha kufuatilia tindikali ya bahari katika Chuo Kikuu cha Washington. Kati ya mapendekezo hayo, ninalolipenda zaidi ni dogo: upimaji wa maji kwenye vituo vya vifaranga usikatike, ili aliyeshika bomba aendelee kujua ni maji gani anayaingiza.