Bomu Lipo Kwenye Buti

Nilikulia kwenye vibanda umiza, na huko mwanzo wa filamu ulikuwa muda wa kutafuta pa kukaa. Majina yanapita, muziki unalia, watu wanagombea benchi, mwenye banda bado anadai hela zake mlangoni. Ukichelewa unamuuliza jirani swali moja tu: "Steringi nani?" Akikuonyesha, umeshaielewa filamu. Kwa miaka mingi, nakiri, mianzo ya filamu niliivumilia tu.

Iliyonitoa kwenye tabia hiyo ni Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958. Inaanza na mikono inayotega saa ya bomu, karibu kabisa na kamera. Mwenye mikono anakimbia, analitumbukiza kwenye buti la gari, anapotea gizani. Wanakuja mwanamume na mwanamke, wanapanda gari, wanaondoka zao. Hawajui kitu. Sisi tunajua. Kamera inapaa juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari kwenye mji wa mpakani mwa Meksiko na Marekani, na kwa dakika tatu na ushee hakuna mkato hata mmoja.

Utundu wa Welles ni kwamba akishatupa bomu, anajifanya kalisahau. Anatuletea maharusi wawili wanaotembea kwa miguu. Gari linawapita, linasimama, wao wanalipita. Kuna wakati linatoka kabisa kwenye picha, nawe unajikuta unalitafuta kwa macho kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Kwenye kizuizi cha mpakani, yule mwanamke wa kwenye gari analalamika kwamba anasikia mlio wa saa kichwani mwake. Hakuna anayemjali! Gari linaruhusiwa, maharusi wanabusiana, ndipo mlipuko unasikika.

Sasa, watazamaji wa 1958 hawakuuona mwanzo huo kama alivyoutaka. Studio ilimtoa kwenye uhariri, ikabandika majina ya waigizaji juu ya picha na muziki wa Henry Mancini chini yake. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 akieleza filamu yake irekebishwe vipi. Alifariki 1985. Mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya kwa kufuata waraka ule: majina yakaondolewa pale mwanzoni, na badala ya muziki mmoja tukapata sauti za mtaani, baa hii na baa ile, pamoja na redio ya gari. Hiyo redio ndiyo iliyonimaliza. Gari lisipoonekana, redio inakuambia bomu liko karibu au limesogea mbali.

Muziki wa Mancini naupenda, niseme ukweli. Ila unafanya kazi ya msimuliaji wa kibandani: unakuambia uogope kabla hujaona cha kuogopa. Sina ugomvi na akina Lufufu, wametulea. Lakini Welles alitaka uogope mwenyewe.

Filamu zetu nyingi bado zinaanza na droni juu ya jiji, wimbo mzima, na orodha ya majina. Wanaoogopa kidole cha mtazamaji kwenye simu wamekimbilia upande wa pili: risasi na mayowe tangu sekunde ya kwanza, wakati hata hatujui anayepigwa ni nani. Kwangu mimi hayo ni makosa yaleyale. Wote wanadhani kumvuta mtu ni kumpigia kelele, kumbe angetosha kupewa siri moja ambayo wahusika hawana.

Juzi nilimwekea mpwa wangu, miaka kumi na sita, mtoto wa simu kwelikweli, ule mwanzo wa 1998. Akalalamika kwamba picha haina rangi. Mikono ilipotega saa, akanyamaza. Gari lilipofika mpakani na askari wakaanza kupiga soga, akasimama kabisa: "Anko, si wafungue buti!"