Kicheko cha Johnny Walker

Msomaji wangu, katika kuhukumu sinema na michezo ya kuigiza watu wana desturi moja isiyo ya haki. Mwigizaji awalizaye watazamaji huitwa msanii mkubwa. Yule awachekeshaye huitwa mtu wa mzaha, na sifa yake husahauliwa mara taa ziwashwapo. Katika insha hii nataka tumtwae mchekeshaji mmoja, tumpime kwa mizani ile ile wapimiwayo wakubwa, tuone kama ni mzito au ni mwepesi. Alijulikana kwa jina la Johnny Walker, na kazi yake aliifanya katika sinema za Kihindi zilizotengenezwa Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 huitwa rasmi Mumbai. Sinema za mji huo zilivuka bahari zikaonyeshwa Mombasa, Nairobi na Unguja; kwa hivyo si ajabu ikiwa wazee wa nyumbani kwenu wanalikumbuka jina hili.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Badruddin Jamaluddin Kazi. Alizaliwa Indore, katika India ya kati, katika miaka ya 1920, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda mwenye jamaa kubwa. Baba alipopoteza kazi, jamaa ile ilihamia Bombay kutafuta riziki, na kijana huyu akafanya vibarua vya namna nyingi. Mwishowe alipata kazi ya ukondakta katika mabasi ya mji. Kondakta huonana na watu wa kila aina kwa siku moja: karani mwenye haraka, mama mwenye mzigo, tajiri aliyeharibikiwa na gari lake, mlevi asiyejua ashukie wapi. Kijana huyu aliwatazama wote, akajifunza sauti zao na miondoko yao, kisha akawachekesha abiria kwa kuiga aliyoyaona. Hilo basi ndilo lililokuwa chuo chake.

Habari zake zilimfikia Balraj Sahni, mwigizaji mashuhuri, ambaye wakati ule alikuwa akiandika kisa cha sinema iitwayo Baazi, iliyotoka mwaka 1951. Sahni alimshauri aende mbele ya Guru Dutt, kijana aliyekuwa akiiongoza sinema hiyo, ajifanye mlevi. Badruddin akaingia akiyumbayumba na kupayuka, na waliokuwapo wakasadiki kuwa ni mlevi kweli. Walipoambiwa kuwa ni mchezo, Guru Dutt alifurahi akampa sehemu katika sinema ile. Ndipo alipopewa jina la wiski maarufu ya Uskochi. Ajabu ya jina hilo ni kwamba mwenye kuitwa nalo hakuwa mnywaji wa pombe kabisa.

Yafaa tutue kidogo katika jambo hili, kwa maana lina mafunzo. Watu wengi hudhani kuwa mwigizaji huonyesha yale tu yaliyompata mwenyewe. Johnny Walker aliigiza ulevi maisha yake yote bila ya kuuonja, na watazamaji walimwamini. Alichokuwa nacho ni jicho la kuona na subira ya kukumbuka. Mlevi wake hakuanguka ovyo ili watu wacheke. Alijaribu kwa bidii kusimama wima, akajitia adabu, akazungumza kama mtu mwenye cheo. Kicheko kilitoka katika jitihada ile ya kulinda heshima yake wakati miguu ilipokwisha kumkana.

Hapa twafika penye kiini cha sanaa yake. Wahenga walinena, mcheka kilema hafi bila kumfika. Walijua kuwa kiko kicheko cha dharau, ambacho humweka mchekwaji chini na mchekaji juu. Lakini kiko na kicheko cha pili, ambacho humfanya mtazamaji ajione mwenyewe katika yule anayemcheka. Watu aliowaigiza Johnny Walker walikuwa wanyonge wa mjini. Katika C.I.D., ya mwaka 1956, ni mwizi wa mifukoni, naye ndiye aimbaye juu ya ugumu wa maisha ya Bombay. Mji unashitakiwa na mtu ambaye mji wenyewe ungempeleka kizuizini. Twamcheka, na papo hapo twakiri kuwa asemayo ni kweli.

Kazi yake iliyo bora, kwa maoni yangu, imo katika Pyaasa, sinema ya Guru Dutt ya mwaka 1957. Kisa chake ni cha Vijay, mshairi maskini ambaye hakuna atakaye kuzichapisha tungo zake. Baadaye watu wanamdhani amekufa, na mara mashairi yake yanapata sifa na kuleta fedha. Anapojitokeza na kusema kuwa yu hai, mchapishaji anamkana, rafiki anamkana, na ndugu zake wa damu wanamkana kwa sababu ya fedha. Anafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Johnny Walker ni Abdul Sattar, mtu apitaye njiani na chupa ya mafuta, akiwakanda watu vichwa kwa senti chache. Wimbo wake wa kuwaita wateja wenye vichwa vizito hupendwa hata leo, na mtazamaji mwepesi hudhani kuwa umetiwa pale kumpumzisha baada ya huzuni.

Lakini tazama mambo yanavyokwenda. Wenye elimu na wenye mali wanapogeuza nyuso zao, ni Sattar amtambuaye mshairi, na ni Sattar amsaidiaye kutoroka. Yeye na Gulabo, mwanamke aliyedharauliwa na mji mzima, ndio walioshikamana na mtu yule bila kutazamia faida. Hivyo mchekeshaji ndiye aliyeshika ukweli wakati wenye heshima waliposhika uongo. Nawe uliyemcheka mwanzoni unajikuta umekuwa upande wake bila ya kuhubiriwa.

Nakupa kipimo kimoja uwezacho kukitumia katika mchezo wowote au hadithi yoyote. Mwondoe mchekeshaji katika kisa, kisha utazame kisa kimepungukiwa na nini. Ukimwondoa Sattar, mshairi anabaki kifungoni. Basi kicheko chake ni nguzo ya nyumba.

Haki yataka kipimo hiki kitumiwe pia pale kinapomshitaki. Johnny Walker aliigiza katika sinema zipatazo mia tatu, na katika nyingi kati ya hizo ukimwondoa hakuna kinachopungua. Watengenezaji walipoona kuwa watu wanampenda, walimtaka aingie katika kila sinema na wimbo wake mmoja, kama kiraka kipya katika kanzu kuukuu. Hata sinema moja ya mwaka 1957 iliitwa kwa jina lake. Lawama ya pili ni nzito zaidi. Mlevi wake ni mtu mpole, mwenye maneno matamu, asiyemdhuru yeyote. Katika Madhumati, ya mwaka 1958, iliyompatia tuzo ya Filmfare, ulevi ni nyimbo na furaha. Ajuaye nyumba iliyokosa chakula kwa sababu ya chupa ataona kuwa nusu ya habari haikusimuliwa. Sanaa yaweza kuwa na huruma na bado ikaficha jambo.

Tusisahau pia kuwa sifa ya nyimbo zake si yake peke yake. Kama ilivyo desturi ya sinema za Kihindi, mwigizaji huchezesha midomo tu, na sauti ni ya mwimbaji mwingine. Nyingi za nyimbo hizo ziliimbwa na Mohammed Rafi, ambaye aliilegeza na kuipinda sauti yake hata ungeapa kuwa yatoka katika kifua cha Johnny Walker. Watu wawili walimfanya mchekeshaji mmoja.

Guru Dutt alifariki mwaka 1964, na siku zilibadilika. Johnny Walker hakupendezwa na mizaha michafu iliyoanza kuingia katika sinema. Alijivuna kuwa wakaguzi wa serikali hawakupata kukata neno lake hata moja. Akapunguza kazi kidogo kidogo. Walakini mwaka 1971 alitoa zawadi moja kubwa katika Anand, sinema ya Hrishikesh Mukherjee. Anand ni kijana mgonjwa wa saratani ambaye huwaita watu asiowajua kwa jina la kubuni, kana kwamba ni rafiki zake wa zamani. Isabhai, mtu wa michezo ya jukwaani, ndiye aliyeupokea mzaha ule na kuucheza pamoja naye, na urafiki ukaanza. Baadaye Isabhai anapojua kuwa rafiki yake anakufa, uso tuliozoea kuucheka unalowa machozi. Machozi hayo yanatuuma kwa sababu ya kicheko kilichotangulia. Mwigizaji wa huzuni tupu asingeweza kutuumiza vile.

Mwaka 1997 alirudi kwa sehemu ndogo katika Chachi 420, na tarehe 29 Julai 2003 akafariki mjini Mumbai.

Basi, msomaji wangu, hukumu yangu ni hii: Johnny Walker alikuwa msanii mkubwa kila alipopewa kisa kikubwa, na mtumishi mwaminifu alipopewa kidogo. Usiichukue hukumu hii kwa kuwa nimeiandika. Zitazame Pyaasa na Anand mwenyewe, na kila utakapocheka ujiulize umemcheka nani, nawe umesimama upande gani wakati wa kucheka.