Ustadi wa Giza

Katika wale wanaowasifu dagaa wa Kigoma kwa utamu wao, na kuwanunua sokoni Dar es Salaam kwa bei ipitayo ile ya dagaa wa maziwa mengine, ni wachache mno wajuao kwamba samaki hao, kwa desturi, hutolewa majini usiku usio na mwezi, na mtu aliyekesha akiutawala mwanga. Na kwa kuwa ustadi huo unatutoka kidogo kidogo, na mahali pake panashikwa na pupa, nimeona ni wajibu wangu kuutaja kwa taadhima inayostahiki, wangali wapo waliouona kwa macho yao.

Ziwa Tanganyika, watokako dagaa hao, si maji ya kuchezewa. Urefu wake wakaribia kilomita 670, kina chake chafikia mita 1,470, na duniani kote hapana ziwa lizidilo hilo kwa kina ila Baikal peke yake. Walakini sehemu kubwa ya maji yale, tangu kiasi cha mita 100 au 200 hata chini kabisa, haina hewa ya kumfaa samaki, na uhai wote umesongamana katika tabaka la juu. Kiangazi kiingiapo, tangu Mei hata Septemba, kusi huvuma na kuyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na kule kusini maji ya kilindini hupanda kushika nafasi iliyoachwa, yakichukua rutuba iliyolala huko. Rutuba hulisha vijimea, vijimea hulisha vijidudu, vijidudu hulisha dagaa, na nyuma ya dagaa hufuata migebuka, samaki wawindao dagaa, kwa makundi. Mchana dagaa hushuka kujificha wasionwe na maadui zao. Usiku hupanda kutafuta chakula. Juu ya mambo hayo mawili, upepo wa msimu na mapito ya usiku, ndipo wavuvi wa ziwa lile walipojenga elimu yao yote.

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, ufukweni mwa ziwa, mwaka 1858 waliwakuta wenyeji wamekwisha kuwa mabingwa wa ziwa lao. Chombo cha asili kilikuwa lusenga, wavu wa mfano wa mfuko uliofungwa katika duara pana la mti na kutiwa mpini mrefu. Omoni mwa mtumbwi uliwashwa moto wa kuni, na mwenye lusenga alisimama kando ya moto huo, uso umemwiva kwa joto, huku wenziwe walioko tezini wakipiga kafi taratibu, pasi na kuyavuruga maji. Dagaa walipokwisha kukusanyika, aliuzamisha wavu upande wa giza, akaupitisha chini ya kundi, akauinua kwa mkupuo mmoja. Aliyekosea kipimo aliwatawanya samaki wote, na wenziwe wakapoteza kazi ya saa nzima. Kisha, katikati ya karne iliyopita, zikaja karabai, na baada yake mitumbwi miwili iliyoungwa kwa maboriti na kuteremshiwa wavu wa kuinuliwa. Uvuvi ukapanuka, mavuno yakazidi, na lusenga ikaanza kuachwa.

Sisemi kwamba karabai iliharibu kazi. La, hasha. Mzee mmoja niliyetoka naye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, aliyekuwa amevua tangu ujanani, alikuwa na karabai kadhaa chomboni mwake, na sijapata kuona mtu aliyeiheshimu taa kiasi kile. Alizitia pumzi mwenyewe, hakumruhusu kijana yeyote kuzigusa. Akasikiliza sauti ya kila moja, na iliyokoroma aliizima akaisafisha hata ikavuma sawasawa. Tulikaa muda mrefu pasina mtu kusema neno. Maji chini ya taa yalikuwa meusi, kisha yakawa na vumbi la fedha, kisha vumbi likaanza kuzunguka. Vijana walitaka kuinua wavu. "Bado, wanangu," akawaambia, "hao ni wa kupita, wenye kukaa hawajaja." Tukangoja tena.

Ulipowadia wakati aliouridhia, nilidhani ataongeza mwanga. Kumbe akaanza kuupunguza. Akazima karabai ya omo, akanyamaza kitambo. Akazima ya tezi, akanyamaza tena. Na kila taa ilipozimika, duara la samaki lilijikunja, likasogea kati, likapanda juu, hata ikabaki taa moja tu iliyoning'inia katikati ya wavu, naye akaishusha nuru yake kwa kidole, kidogo kidogo, kwa upole ambao sitausahau. Hapo ndipo alipoinua mkono, na vijana wakavuta. Kuwasha taa kila mtu aweza. Lakini kujua saa ya kuififiza, na kwa kiasi gani, na kwa haraka gani, hiyo ni hikima iliyomgharimu mzee yule umri mzima, nami naihesabu miongoni mwa sanaa kubwa za nchi yetu.

Kabla ya hapo, taa zilipokuwa bado zinakusanya, alikuwa ametega mshipi wake kwa migebuka. Hakuutupa penye mwanga, maana mgebuka hukaa ukingoni, mahali nuru inapokutana na kiza, akiwavizia dagaa waliosahau hadhari. Aliteremsha mshipi huku akihesabu pima kwa mikono, akausimamisha, akaupandisha kidogo, akauteremsha tena, ukiwa umelala baina ya kidole gumba na cha shahada kama tabibu ashikavyo mshipa wa mgonjwa. Alijua samaki aliyegusa na aliyekamata, na alijua, kabla hajamwona, kama ni mgebuka au mwingine. Pima zilezile alizohesabu kwa samaki wa kwanza alizirudia kwa wote waliofuata, na upepo ulipogeuka alizibadili.

Na mwezi ulipokua, kazi ilikoma. Usiku wa mbalamwezi nuru imeenea ziwani kote, taa haina tena cha kumwitia samaki. Basi mitumbwi ilipandishwa mwaloni, nyavu zikashonwa, watu wakaoa na kuozesha, na ziwa likapumzika. Hakuna aliyeamuru hivyo.

Siku hizi taa ni kali mno, na wapo wasiotaka kuungoja mwezi uzame. Nyavu za macho madogo na kokoro za ufukweni huzoa hata vitoto visivyopata kuzaa mara moja, ilhali maisha ya dagaa hayapiti sana mwaka mmoja. Wala si kosa la mvuvi peke yake: mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, kwa hiyo yanachanganyika kwa shida na yale ya chini, na rutuba haipandi kama zamani. Lakini neema inapopungua ndipo adabu inapohitajiwa zaidi, nasi tumeongeza pupa. Mambo yakafika hadi Serikali ya Tanzania kuufunga uvuvi wa ziwa upande wake, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kiangazi chenyewe, ili samaki wapate kuzaana. Naliunga mkono agizo lile kwa moyo wote. Na bado linanihuzunisha kwamba pumziko ambalo zamani mwezi ulilitoa kila mwezi, nasi tukalipokea pasi na manung'uniko, leo hatulipati ila kwa amri na doria.

Samaki huenda wakarudi wakiachiwa nafasi. Elimu ya mkono haina mahali pa kuzaliana isipokuwa chomboni, kijana akikaa kando ya mzee, na vijana walio wengi sasa huajiriwa kuvuta kamba tu, leo chombo hiki, kesho kile. Nilimuuliza mmoja wao mwaloni huteremsha wavu pima ngapi usiku wa kusi. Alinitazama kwa mshangao, akanijibu kwa heshima kwamba wao huteremsha mpaka kamba iishe.