Dirisha Lenye Taa

Kijana mmoja wa usharika alikuja nyumbani kwangu Kimandolu akiwa na kiboksi cha karata mkononi. "Baba Mchungaji, nizichome?" Nikamwomba aniachie kwanza nizitazame.

Ni karata za taroti, 78 kwa jumla. Huko Ulaya na Marekani watu huzipigia ramli, kama wengine huku kwetu wanavyopiga bao. Zilianza Italia katika karne ya 15 zikiwa za mchezo tu. Ramli ilikuja baadaye sana. Hizi alizileta zilichorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Alilipwa kidogo, na karata zikajulikana kwa majina ya wanaume wawili, mchapishaji na aliyeagiza kazi.

Nisiwe mnafiki: michoro ni mizuri. Katika karata ya Kifo, mifupa iliyovaa deraya imepanda farasi mweupe. Mfalme ameanguka chini, askofu amesimama mbele yake mikono imekutana, mtoto amepiga magoti. Nimewahi kuhubiri mazishini bila kulisema jambo hilo waziwazi namna hiyo.

Hata kwa matumizi ni nyepesi. Zamani karata nyingi ndogo zilikuwa na alama tu, vikombe vitatu au panga nane, na mpiga ramli alikariri maana. Smith aliziwekea karibu zote picha za watu. Asiyejua kitu anaona habari papo hapo, na ndipo mtego ulipo: mwenye huzuni akimwona mtu aliyeinama, huamini ametajwa yeye. Mpiga ramli hahitaji kujua lolote. (Na sisi tunaofungua Biblia kwa kubahatisha na kuweka kidole kwenye mstari, tusicheke sana.)

Karata iliyonishika ni ya sarafu tano. Theluji inaanguka. Mwanamke peku aliyejifunika shali na mwanamume mwenye magongo wanapita chini ya dirisha la kanisa, la vioo vya rangi. Ndani taa inawaka. Mlango hauonekani.

Mwenye kupiga ramli atasema: shida ya fedha inakuja. Huko ni kuiharibu picha. Hao wawili hawana haja ya kutabiriwa ufukara, wanao tayari. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli, nami nafundisha hivyo. Lakini picha hii inawauliza walioketi ndani, na ramli inawaondolea swali hilo.

Nilimuuliza kijana alivyofika kwenye karata. Alisema alipopoteza kazi alinipigia simu mara mbili, sikupokea. Nilikuwa vikaoni. Mwenye karata alimsikiliza saa nzima.

Karata 77 tulizichoma pamoja nyuma ya nyumba. Ile moja nimeibakiza mezani, kando ya simu. Mzee mmoja wa kanisa ameiona na hakupendezwa.