Sentimita Tano kwa Kila Mita Kumi

Bomba la majitaka la inchi nne likilazwa kwa mwinamo wa moja kwa mia mbili, hushuka sentimita tano kwa kila mita kumi. Kwenye futikamba sentimita tano ni kitu kidogo sana. Lakini katika mtaa uliojengwa bila kupimwa, ambako mabati ya nyumba hii yanagusa mabati ya nyumba ile na njia ni ya kupita mtu mmoja mmoja, kuzipata hizo sentimita tano, kuzilinda zisipotee, na kuzivusha viwanja vya watu wengi hadi zifike bomba kuu, ni ufundi ninaouheshimu kuliko ujenzi wa ghorofa. Ghorofa ina mkandarasi, mhandisi na mtambo wa kupimia. Huku kuna fundi, mpira wa maji, kamba, na majirani.

Chukua Vingunguti, Dar es Salaam, kwenye mitaa inayoshuka kuelekea mto Msimbazi. Mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji yapo pale pale miaka mingi, na nyumba za jirani zikaendelea kutegemea mashimo. Gari la kunyonya choo halipiti vichochoroni. Sehemu za bondeni ukichimba kidogo tu unakuta maji, kwa hiyo shimo la choo hujaa upesi, na masika yakiingia wako watu wanaotapisha vyoo vyao: wanatoboa ukuta wa shimo usiku, mvua ibebe. Yanayobebwa hupita kwenye milango ya walio chini, watoto wanayakanyaga asubuhi, na kisima cha jirani kinayapokea. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam kilianzia Kinondoni, kisha kikasambaa mikoa mingi ya nchi. Daktari anaweza kumwokoa mgonjwa kwa dripu na chumvichumvi. Mtaa wenyewe unahitaji kinyesi kiondoke na kisirudi, na hiyo ni kazi ya fundi.

Katika miaka ya 2010, vikundi vya akiba vya wakazi vikishirikiana na shirika la Centre for Community Initiatives vilianza kulaza mabomba membamba katika mtaa wa Kombo, Vingunguti, kupeleka majitaka ya nyumba hadi kwenye mabwawa yale. Mbinu yenyewe ilikuzwa Brazil, mjini Natal, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wahandisi wa kule waliuliza swali jepesi: kwa nini bomba la uchochoroni, ambako hata pikipiki inapita kwa shida, lizikwe kwa kina cha bomba la barabara ya malori? Wakalipandisha. Likawa jembamba, likapita nyuma ya nyumba badala ya barabarani, na gharama ikashuka hadi watu wa kipato kidogo wakaweza kuikaribia.

Watu wengi hudhani bomba kubwa ndilo salama. Sivyo, na hapa ndipo uzuri wa kazi hii unapoanza. Nyumba inayotumia ndoo chache za maji kwa siku, ikimwaga kwenye bomba pana, maji hutandaa chini, yanakuwa membamba, uchafu unabaki umelala. Kwenye bomba la inchi nne maji yale yale hujikusanya, yanapata kina, yanasukuma. Kinachobaki husubiri ndoo ya nyumba inayofuata, husogea tena, husubiri tena. Bomba moja la namna hiyo linaweza kuhudumia kaya zaidi ya mia moja, mradi mwinamo usikatike mahali popote. Ukikatika mahali pamoja, ukawa na tumbo la sentimita mbili tu, mchanga na mafuta ya kupikia vitakaa pale, na kaya zote za juu yake zitaona maji yakipanda chooni.

Basi fundi huanza na mpira. Ni mpira mweupe wa plastiki unaoonyesha maji ndani, mrefu wa kutosha kuzunguka kona ya nyumba. Anaujaza taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, akiufuata kwa vidole kutafuta mapovu, kwa sababu hewa kidogo ikibaki katikati kipimo kizima ni uongo. Wengine hutia rangi kidogo ili maji yaonekane juani. Yeye anashika ncha moja kwenye kigingi cha kwanza, msaidizi anakwenda na ncha ya pili akiwa ameiziba kwa dole gumba, asije akamwaga. Wakishafika wote wanaachia. Maji yanapanda huku, yanashuka kule, yanarudi. Hakuna anayesema. Fundi mzuri utamjua hapa: hapigi alama maji yakiwa bado yanacheza. Yakitulia, anachora kwa penseli, na msaidizi anachora kwake. Alama mbili hizo ziko usawa mmoja hata kama katikati kuna ukuta, mti wa mwembe na chumba cha mpangaji.

Kutoka alama ya usawa anashuka sentimita tano kwenye kigingi cha upande wa chini, kama vigingi viko mita kumi, na kufunga kamba. Sasa mwinamo upo hewani, umenyooka, kabla jembe halijagusa ardhi. Anakata fimbo ya urefu mmoja. Wachimbaji wanaposhuka na sururu, kila hatua fimbo ile husimamishwa chini ya mfereji na kichwa chake kinapaswa kuigusa kamba. Ikipungukiwa na kamba, wamechimba kupita kiasi, na hilo ndilo kosa linalomuudhi fundi kuliko kukosa kufika, maana udongo uliorudishwa hautulii kama ule ambao haukuguswa. Utakaa leo, utazama masika ijayo, na bomba litazama nao.

Kazi huanzia chini, pale bomba kuu lilipo, kwenda juu. Kina cha bomba kuu hakibadiliki kwa ajili ya mtu. Fundi anayeanzia kwa mwenye haraka zaidi, au kwa mwenye sauti kubwa zaidi kwenye kikao, anaweza kufika mwisho akajikuta yuko chini ya bomba analotaka kuingilia. Bomba nalo hulazwa kwa adabu yake: mdomo mpana hutazama juu, mkia huingia kwenye mdomo wa mwenzake wa chini, ili maji yasikutane na ukingo wowote. Chini yake hutandazwa mchanga, na pale unapokaa mdomo huo huchimbwa kishimo kidogo ili mwili wote wa bomba ulale na usining'inie kwenye maungio.

Kabla ya kufukia kuna jaribio ninalolipenda kupita yote. Kati ya chemba mbili fundi humweka mtu mwenye tochi chemba ya juu, yeye anainama chemba ya chini na kioo cha kujitazamia alichokilaza upande, akaangalia ndani ya bomba. Akiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Akiona nusu duara, mahali fulani limepinda au limeshuka tumbo, na hata kama siku imekwisha na watu wamechoka, linafukuliwa. Sijui mtihani wa kazi ya mikono ulio wa haki kuliko huu. Jirani yeyote anaweza kuinama na kujionea mwenyewe.

Lakini kamba ikishanyoshwa, kwanza inapita kwa watu. Katika mtaa usiopimwa hakuna njia iliyoachwa kwa ajili ya bomba, kwa hiyo kila mita inaombwa. Kila kona inataka chemba yake, saruji yake na mfuniko wake. Kila mita tano za kumzunguka aliyekataa zinakula sentimita mbili na nusu za mwinamo, na walio juu ndio wanaozilipa. Fundi anayelijua hili haendi na mamlaka, anakwenda na salamu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Tena umekuja na kamba zako.”

“Nimekuja, mama. Naomba nipite hapa nyuma ya jiko.”

“Na harufu nitaipeleka wapi?”

“Harufu unayo sasa hivi, mama. Bomba likishafungwa haitoki. Nikizunguka kwa Baba Asha, hawa wa juu maji yao hayatashuka.”

Mazungumzo ya namna hii hurudiwa kiwanja kwa kiwanja. Ukubali wa mama mmoja nyuma ya jiko una kipimo: unajulikana kwa sentimita, na fundi huziandika kwenye daftari lake. Mara nyingi anayekaa pale si mwenye nyumba. Mpangaji ndiye anayeugua, ndiye anayebeba ndoo, ndiye anayetaka bomba, ila ruhusa iko kwa mtu anayeishi mtaa mwingine na kuja kuchukua kodi. Hapo mjumbe wa nyumba kumi na viongozi wa kikundi cha akiba hufanya kazi ambayo haionekani kwenye mchoro wowote, ya kumfuata, kumweleza, kumfuata tena. Na bomba likishafika, kodi inaweza kupanda. Mitaa inayosahau kulizungumza jambo hilo mapema, kwa maandishi, hujikuta imewajengea afya wapangaji wengine watakaokuja kuwapokea wale waliochimba.

Waliolipeleka mbali kuliko wote jambo hili la wakazi kujilazia mabomba wenyewe ni watu wa Orangi, Karachi, nchini Pakistan. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alifika kwenye makazi yale makubwa yasiyo rasmi. Huyu alikuwa ofisa wa utumishi wa kikoloni wa India aliyejiuzulu baada ya njaa ya Bengal ya 1943, akaenda kuwa kibarua na kujifunza ufundi wa kufuli kijijini karibu na Aligarh. Nadhani ule ujuzi wa kukaa na chuma mkononi haukumwacha. Pale Orangi hakuanza na mchoro. Alitembea na kuuliza, na watu wakamwambia shida yao ni maji machafu vichochoroni, tena wakamwambia wanasubiri serikali.

Mradi wa Orangi uligawa kazi kwa uchochoro: nyumba ishirini hadi arobaini, ambazo wenyewe wanamteua msimamizi wao, wanachanga fedha wao, na kuzishika wao. Mradi haukupokea mchango hata senti. Ulichotoa ni kipimo, mchoro, ushauri, na kuazimisha vyombo, pamoja na kalibu za chuma za kumwagia zege la chemba. Baadhi ya kazi za mwanzo ziliharibika kwa sababu watu walikimbilia kuchimba kabla ya kupimiwa, na hapo ndipo vijana wa mtaani walianza kufundishwa kupima na kuchora. Kilichofuata kinatisha kwa ukubwa wake: nyumba zaidi ya laki moja zilipata bomba kwa fedha za wenye nyumba. Mgawanyo ulikuwa wazi. Choo, bomba la uchochoro na bomba la kukusanya ni vya wakazi, mfereji mkuu na usafishaji ni vya serikali. Msanifu majengo Perween Rahman, aliyejiunga nao mapema miaka ya 1980, aliwaongoza vijana hao kuchora ramani za makazi na mifereji ya jiji, mpaka maofisa wakawa wanazitumia. Aliuawa kwa risasi Karachi tarehe 13 Machi 2013. Ramani ya mtaa ikiwa sahihi huonyesha pia nani anachukua ardhi na maji ya watu.

Dar es Salaam ilishakuwa na somo lake kuhusu maji ya mvua. Hanna Nassif, Kinondoni, ilikuwa inafurika kila masika, na katika miaka ya 1990 wakazi wake waliunda chama kilichotia saini mikataba ya kujenga mifereji ya mawe na barabara, wakisaidiwa na Shirika la Kazi la Kimataifa, UNDP na Ford Foundation. Waliolipwa ujira wa kuchimba, kubeba mawe na kuchanganya zege walikuwa wakazi, wanawake na wanaume. Aliyeliweka jiwe hujua lilivyokaa, na mfereji ukipasuka hasubiri mtu wa kumwambia pa kuanzia.

Ila mfereji wa mvua na bomba la choo visichanganywe. Wapo watakaokuja na bomba la paa, wakitaka kuliingiza kwenye chemba kwa sababu ipo karibu. Fundi mwenye msimamo hukataa hata kwa ndugu yake, maana mvua moja ya Aprili hulijaza bomba la inchi nne na kuwarudishia walio bondeni kila kilichoshuka. Mafuta ya mama lishe nayo yanahitaji kishimo cha kuyadaka kabla hayajaingia. Mchanga wa kusugulia sufuria, pedi, nepi, vitambaa, vyote lazima visemwe kwenye kikao, waziwazi, mbele ya wanaume na wanawake, na zamu ya kufungua chemba ipangwe kwa majina.

Ncha ya juu kabisa fundi huiziba kwa kizibo. Haijengei kwa zege. Huiacha na kina cha kuweza kupokea nyumba zilizo nyuma yake, pamoja na zile ambazo hazikuchanga, na kwenye daftari huandika kina cha kila chemba kisha nakala akaiacha kwa mjumbe. Kikao hubishana juu ya wale wasiochanga: waingie kwa kiasi kile kile au waongeze. Mara nyingi huamuliwa walipe sawa na wengine na wachimbe mita zao wenyewe, na fundi huitwa tena na mpira wake.